Chanda na Pete: Nivae Ngapi, Nivae Wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kuvaa pete zaidi ya moja mkono mmoja, na kumbe nimefungua mlango, maana maswali yamekuja mengi na picha za mikono juu. Siwezi kujibu wote, nimechukua matano ambayo naona yanabeba na ya wengine. Twende.

Anti shikamoo. Mi nna pete ya uchumba ya dhahabu nyeupe, ya ndoa ni dhahabu ya njano ya kawaida, alafu bibi mzaa mama aliniachia pete yake ya dhahabu nzito. Nikivaa zote tatu naona mkono haueleweki. Mume wangu anasema nichague moja tu niache nyingine. Nifanyeje? — Mama wa Wawili, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Usichague moja, bibi hakukuachia pete ikalale kabatini. Nimeangalia picha yako nikaivuta karibu, na shida siyo idadi kabisa. Pete zote tatu umezipanga mkono wa kushoto, mbili kidole cha pete na ya bibi kidole cha kati palepale jirani, kwaiyo zimekuwa bonge moja upande mmoja na mkono wa kulia uko mtupu kabisa. Hamisha ya bibi. Ipeleke kulia, kidole cha kati au cha shahada, ikae peke yake kwenye kidole chake, maana ile ni pete nzito yenye sauti, haihitaji mtu wa kuisindikiza. Kushoto zibaki zile mbili za ndoa. Hapo tu ushapata nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni rangi. Zamani tuliambiwa dhahabu na fedha hazivaliwi pamoja, mi hiyo sheria nilishaiacha siku nyingi na sijawahi kujuta. Ninachoangalia ni rangi isitokee mara moja tu. Kwako njano ipo mara mbili, nyeupe ipo mara moja, kwaiyo ile nyeupe inaonekana kama mgeni aliyeingia kwenye shughuli hajui mtu hata mmoja. Itafutie ndugu. Nunua pete nyembamba ya fedha, bei yake haiumi, ivae kulia kidole cha mwisho. Fedha na dhahabu nyeupe hazilingani kabisa ukizishika mkononi, ila mtu aliyekaa mbele yako kwenye meza hawezi kuzitofautisha, na jicho linapata nyeupe huku na nyeupe kule, linatulia.

Halafu chungulia ndani ya pete ya bibi, upande wa ngozi, utafute muhuri. Ukikuta 916 ujue ni karati 22, yaani dhahabu ni asilimia 91.6. 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Hii siyo habari ya bei tu. Dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndo inavyokuwa laini, sasa ukiivaa ya karati 22 imebanana na ya karati 18 kutwa nzima, unafua, unapika, unashika usukani, ile ngumu inaisaga ile laini taratibu mpaka siku unakuta ubavu wa pete umekuwa bapa. Ndo sababu nyingine nakwambia ya bibi ikae kidole chake yenyewe. Na hiyo nyeupe yako ikianza kuonekana ya njano njano kwa chini usifikiri umeuziwa feki, dhahabu nyeupe nyingi hupakwa rodiamu juu, madini meupe yanayong'aa, ndo ing'ae vile, na ule mpako huisha, sonara anaurudishia.

Anti, mume wangu alininunulia pete ya tanzanaiti kwa miaka kumi ya ndoa. Naivaa pamoja na pete nyembamba iliyozungukwa na vialmasi vidogo, zinapendezana sana. Ila naona tanzanaiti imeanza kufifia, haing'ai kama mwanzo. Je niliuziwa jiwe baya? — Msomaji wa Arusha

Dada yangu, hili swali limenigusa kwasababu nimeliona kwa macho yangu. Nilikaa kwa sonara mmoja Kariakoo nasubiri pete yangu ipunguzwe, akaja mama na tanzanaiti ya hivohivo, analalamika. Sonara akanipa ile lenzi yake ndogo ya kuwekea jichoni nitazame. Ukitazama kwa jicho tupu jiwe ni zima, rangi ileile ya bluu inayoingia zambarau, lakini kwenye lenzi zile kingo ambazo zinatakiwa ziwe kali kama karatasi mpya zilikuwa zimelika, mviringo, kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Na upande uliolika ulikuwa mmoja tu. Upande wa jirani yake, pete ya almasi.

Jiwe lako si baya. Ugumu wa mawe unapimwa kwa ngazi ya moja mpaka kumi, almasi ndo kumi, hakuna cha kuikwaruza isipokuwa almasi mwenzake. Yakuti iko tisa. Tanzanaiti iko kwenye sita na nusu hivi. Kwaiyo umewaweka mtu na jiwe la kumtwanga kwenye chumba kimoja, kila ukikunja ngumi wanasuguana, na anayeumia ni mmoja tu siku zote. Na jiwe lenyewe linapatikana sehemu moja tu duniani, hapo Mirerani, nyumbani kwenu tu hapo, liligunduliwa 1967 na mwaka uliofuata duka la Tiffany la New York ndo likalipa hilo jina. Linastahili kutunzwa.

Sikwambii uache kuvaa zote mbili, najua unavyozipenda. Chaguo la kwanza, tanzanaiti iende mkono wa pili. Usipende hilo, basi tafuta pete ya tatu, ya dhahabu tupu isiyo na jiwe lolote, nyembamba lakini iwe imeinuka kidogo, uiweke katikati yao. Hiyo ndo itakuwa ukuta. Na utashangaa, mara nyingi hiyo pete tupu ya katikati ndo inafanya seti nzima ipendeze, maana kabla ya hapo ving'aavyo vilikuwa vinashindana. Hivi ndivyo mi napanga kila mara: moja iseme, zilizobaki ziitikie, na kati yao pawepo kitu cha kimya.

Kwa lile lililofifia, sonara anayejua mawe anaweza kuling'arisha upya, litapungua uzito kidogo sana ila mng'aro utarudi. Muulize kwanza kama ameshafanya tanzanaiti, asijifunzie kwako. Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini wa mtoto, basi. Asikuwekee kwenye ile mashine ya kuosha kwa mitetemo, na usitoe mkono kwenye maji ya moto ukaingiza kwenye ya baridi sana, hili jiwe linaweza kupasuka kwa mshtuko wa joto.

Ukitaka rangi ya kuongezea pembeni siku moja, ulizia tsavoraiti, ile ya kijani ya Simanjiro na kule ng'ambo Taita Taveta. Ni ngumu kidogo kuliko tanzanaiti, na kijani kile na bluu ile vikikaa mikono tofauti, mmoja kwa mmoja, we utaniambia.

Vidole vyangu ni vifupi na vinene. Dada zangu wanapanga pete tatu tatu, mi nikijaribu naonekana nimefungwa nyaya. Nikubali tu yaishe? — Mtoto wa Mwisho, Mwanza

Usikubali. Shida ni kwamba unaazima pete za dada zako zilizotengenezwa kwa vidole virefu. Kwako tatu za kidole kimoja zinafunika kipande chote cha chini mpaka kwenye kiungo, ngozi haionekani, ndo maana kidole kinaonekana kimekatwa. Hakikisha juu ya pete na chini ya pete ngozi inaonekana. Chukua nyembamba mbili, si tatu, na kama kuna jiwe liwe la umbo la yai au la punje ya mchele, limelala kufuata urefu wa kidole, siyo kukikata. Zile pete zenye ncha kama herufi V zinakufaa sana, ncha ielekee kwenye kucha. Kidole kinachofuata kiache kitupu.

Na saizi pia: pete mbili tatu zikikaa pamoja zinabana kama pete moja pana, kwaiyo saizi inayokuingia ikiwa moja itakukaba zikiwa tatu. Pima ukiwa umezivaa zote, na usipime asubuhi ya baridi. Pima jioni siku ya joto.

Salaam aleikum Anti. Mimi ni mwanamume, nimelelewa na babu aliyekuwa havui akiki yake. Sasa nina pete za fedha tatu, mbili za akiki na moja ya feruzi. Marafiki wananiambia nimezidisha. Mwanamume avae ngapi? — Mjukuu, Mombasa

Waaleikum salaam kaka yangu. Tatu si nyingi ikiwa umezigawa. Kwa mila uliyokulia kuna jambo bila shaka babu alikuwa analijua: ipo hadithi iliyopokewa kwa Sayyidna Ali inayowakataza wanaume kuvaa pete kidole cha shahada na cha kati. Undani wake muulize ustadhi wako, mi nazungumza upande wa mapambo tu, ila ukiifuata utaona inakupangia yenyewe, unabaki na kidole cha pete na cha mwisho kila mkono.

Akiki kubwa, ile nyekundu kama ini, iende kulia kidole cha mwisho kama walivyozoea wazee wengi wa pwani. Feruzi iende kushoto, peke yake. Ile akiki ndogo ipumzike, uzibadilishe kwa siku. Akiki mbili kwa pamoja zinapunguziana heshima, na mwanamume mwenye jiwe moja linaloonekana vizuri anaonekana alijua anachofanya. Kama unavaa saa, mkono wenye saa upewe pete nyepesi, saa nayo ni uzito.

Na nakuomba kitu kimoja, usizisugue mpaka ziwe nyeupe pee. Ule weusi ulioingia kwenye nakshi ndo unaofanya mchoro uonekane. Futa sehemu zilizoinuka tu kwa kitambaa. Feruzi isikutane na mafuta wala manukato, inanyonya na kugeuka kijani, vaa ukishamaliza kujipaka.

Anti naolewa mwezi ujao Unguja. Nitapakwa hina na piko mpaka vidoleni, na mama mkwe ameniletea pete nne, mojawapo ina lulu. Nizivae zote ili asijisikie vibaya, au nifanyeje? — Biharusi Mtarajiwa

Hongera sana mwanangu, Mungu akujalie. Hina tayari ni pambo. Mchoro ukizunguka kidole, jicho linauhesabu kama pete, kwaiyo vidole vinne vyenye mchoro na pete nne juu yake ni kama umevaa nane. Fanya hivi: nenda na pete zako kwa anayekupaka, zivae zote mbele yake, aone kila moja inakaa wapi, kisha uzivue ndo achore, na pale pa pete aache wazi. Mchoro unaoanzia pembeni ya pete unapendeza, ila mchoro uliofunikwa na pete ni kazi na hela imepotea. Usizirudishe mpaka hina iwe imeshabanduka kabisa, ikiingia chini ya jiwe inakuwa shida kuitoa.

Kidole cha kuvishwa pete ya ndoa kiwe kitupu mpaka uvishwe. Hili watu wanalisahau, bwana harusi anafika, biharusi anaanza kuvua pete mbele za watu.

Kwa mama mkwe, shughuli zenyewe haziishi kwa siku moja. Gawa. Siku ya hina usivae hata moja. Siku ya ndoa vaa mbili, iliyo nzito kulia na moja nyembamba kushoto kidole cha mwisho. Nyingine mbili zitoke siku inayofuata, na mwambie mapema, "Mama, hii nimeiwekea siku ya kesho," atafurahi zaidi kuliko kuziona zote zimerundikana. Lulu ivae ya mwisho kabisa, baada ya udi na manukato na mafuta yote, na uivue ya kwanza ukirudi. Lulu ni laini kuliko mawe karibu yote, hata jasho haipendi.

Na kwasababu ni joto la Unguja, utasimama sana, utapigwa picha sana, vidole vitavimba. Kila pete ijaribu jioni, ikigoma kuzunguka kirahisi ipeleke kwa sonara sasa hivi, usingoje wiki ya harusi. Ikitokea imekwama siku yenyewe usiivute kwa nguvu: nyanyua mkono juu ya kichwa dakika chache, loweka kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta, izungushe huku unaisukuma kidogo kidogo kuelekea kwenye kucha. Kidole kikianza kubadilika rangi au kufa ganzi nenda hospitali waikate. Vipande vyote viweke kwenye kibahasha, sonara ataiunga.