Re: Mimi kundi A, mke wangu B, mtoto katoka O. Inawezekana?

Mkuu, kabla hujamfikiria vibaya mama watoto: inawezekana kabisa.

Kinachoamua kundi la damu ni kimeng'enya kimoja (protini inayofanya kazi ya kikemia mwilini), jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Kazi yake ni kubandika sukari ya mwisho kwenye minyororo ya sukari iliyoshikana na protini na mafuta kwenye utando wa seli nyekundu. Cha A hubandika asetilgalaktosamini, cha B galaktosi. Vyote vina amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 354 na vinatofautiana 4 tu! Tofauti ndogo hiyo ndiyo inayoweza kumuua mtu akiongezewa damu isiyomfaa.

O je? Mara nyingi ni herufi moja tu ya DNA imedondoka, ile ya 261, basi kimeng'enya kinatoka kibovu, hakibandiki kitu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja nzima ya A na moja mbovu, kipimo kinasoma A tu. Mkeo vilevile na B yake. Mtoto akirithi mbovu kwenu wote, ni O.

Angekuwa mmoja wenu AB, yaani hana nakala mbovu ya kumpa mtoto, hapo ningesema kwanza mrudie kipimo.