Maswali ya Wasomaji: Jaketi lipi kwa iPAQ?

SWALI: Nina kompyuta ya mkononi ya Compaq iPAQ H3630 isiyo na nafasi ya kadi. Nataka Wi-Fi na kumbukumbu zaidi. Ninunue jaketi (ganda la kuvisha kifaa, lenye nafasi ya kadi) la CompactFlash, kadi ndogo, au la PC Card, kadi kubwa zaidi?

JIBU: La PC Card, japo litakujazia mfuko. Lina betri yake, na kadi za Wi-Fi hula chaji kweli kweli. Kadi ya CompactFlash, yenye matundu 50, huingia humo kwa adapta rahisi ya matundu 68. Kinyume chake haiwezekani. Ila ni kadi moja tu kwa wakati mmoja.

Kadi yenye ukanda wa dhahabu wenye vinundu iache: hiyo ni CardBus ya biti 32, na iPAQ husoma za biti 16 pekee. Usiilazimishe, utapinda pini.