Muulizeni Alikunywa Mara ya Mwisho Lini

Mmeuliza juma hili kama pombe hutuliza hofu au huileta. Jibu langu ni kwamba hutuliza usiku na kuileta alfajiri. Kinachoamua ni saa, na saa ndiyo ambayo hapa kwetu hakuna anayeiuliza.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo upande wa Kisauni, Mombasa. Asubuhi za Jumapili na Jumatatu huja watu, wengi wao vijana wa kiume, mkono kifuani. "Sista, moyo wanienda mbio, vidole vyafa ganzi, nafa." Tukimpima, mara nyingi tunakuta presha imepanda kidogo, moyo hauna hitilafu, na baada ya nusu saa hali imeshuka yenyewe. Ndivyo lilivyo shambulio la hofu: hufika kileleni kwa dakika 10 hivi, kisha hulegea. Anayepatwa nalo haigizi. Mwili wake umemwaga adrenalini ileile ambayo ungemwaga mbele ya mtu mwenye panga. Ila aliyeumwa kifua kwa mara ya kwanza asijitibu kwa kusoma haya. Apimwe moyo kwanza, maana kunywa sana wikendi kunaweza kweli kuvuruga mapigo.

Kwa nini asubuhi? Kileo huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, GABA, na kuibana ile inayochangamsha, glutameti. Ubongo nao husukuma kwa upande wake ili usizame. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huingia kwa kishindo. Sasa pigeni hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo, na ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa 1 jioni huko Mtwapa akamaliza chupa tano, kileo kitamwishia kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi. Wakati huo usingizi umeshakatikakatika, maji mwilini yamepungua, na pengine sukari imeshuka. Ikiwa alitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayochangamsha, tangu mchana na bia ilikuwa ya kushusha handas, yaani ule mchangamko wake, apate kulala, moyo umeshapelekwa mbio tangu jana.

Wanywaji wa mnazi huniambia wao hayawahusu, kwa kuwa tembo ni kitu cha asili. Kileo cha mnazi na cha bia ni kilekile. Tofauti ni kwamba mnazi huendelea kuchachuka tangu mgema aushushe, na wa jioni si wa asubuhi. Pale mangwe, kilabuni kwa mnazi, hakuna anayejua amekunywa kiasi gani.

Halafu kuna kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, au kutoa loki kama wasemavyo vijana. Glasi ya asubuhi inaituliza hofu, hilo ni kweli, kwa sababu imerudisha kile kilichokuwa kinaondoka. Hapo ndipo mtu anaponasa. Anaamini pombe ndiyo dawa ya moyo wake, na kesho alfajiri hofu inamrudia. Wapo pia walioanza na hofu, wakanywa ili waweze kukaa mbele za watu au kupanda feri bila kutetemeka, na sasa wana matatizo mawili. Hofu yenyewe ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge, lakini haitibiki vizuri mtu akiendelea kunywa.

Shida ni kwamba mji wetu unakunywa na hausemi. Kijana wa nyumba inayoswali hawezi kutamka mbele ya mamake aliyemleta kwamba jana alikuwa baa. Mama anasema mwanawe kavamiwa na majini, apelekwe akasomewe dua. Kusomewa humtuliza mtu kweli, na sijamkataza yeyote. Lakini humwomba mama atupishe kidogo, nikafunga pazia. Siulizi "wanywa?", kwa maana jibu lake ni "wallahi sinywi". Nauliza, "Mara ya mwisho ilikuwa lini, mwanangu?" Hapo hunijibu, tena kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Jibu hilo lina uzito kuliko idadi ya chupa, hasa kwa anayekunywa kila siku. Familia ikichoka humfungia ndani na kusema kuanzia leo hakuna hata tone. Nawasihi sana msifanye hivyo. Kutetemeka, jasho na hofu huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kumkuta ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, na nyumbani ikasemwa ni majini. Hali hiyo inaua. Hospitali humshusha polepole kwa dawa, na kumpa vitamini B1. Dawa hizo za kutuliza, kama diazepam, zikimezwa nyumbani juu ya pombe zinaweza kumkata mtu pumzi.

Wa namna hii sisi huwaandikia barua ya kwenda Makadara, hospitali kuu ya Pwani, siku hiyohiyo. Anayeona haya kufika hata kwetu apige simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo.

Muuguzi, Kisauni