Malengo sita, Machi yamekufa yote

Karibuni tena kwenye kona yetu. Januari hii barua nyingi zimekuja na habari ya malengo ya mwaka mpya, na zinatoka kwa watu wazima wenzangu, sio vijana. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake nimejiona mwenyewe.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu miaka mitatu iliyopita, sasa nina 63, niko Morogoro na mke wangu na wajukuu wawili. Kila tarehe moja Januari nakaa na daftari naandika malengo. Mwaka jana niliandika sita: kufuga kuku 500, kumaliza nyumba, kupunguza kilo 20 maana nina presha na goti linanisumbua, kujifunza kompyuta, kulipa madeni yote, na kwenda Yerusalemu na wenzangu wa kanisani. Kufika Machi hamna hata moja linalotembea. Vifaranga nilinunua 200, wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, ndani ya wiki nimebaki na 11. Kijana wangu akaniambia baba sasa pumzika, umri wa malengo umepita. Iliniuma sana. Ni kweli mtu wa umri wangu hana tena cha kupanga? Na kama anapanga, apangeje?
*Mwalimu mstaafu, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwalimu. Kijana wako msamehe, amekuonea huruma tu akakosa namna ya kuisema. Mi nina 68, nimekuwa nesi miaka 34, na mwaka huu nina lengo langu nitakwambia mbele.

Sasa nikuulize kitu cha kazi yako mwenyewe. Ulipokuwa unafundisha ulikuwa na azimio la kazi la mwaka mzima, si ndio? Lakini Jumatatu asubuhi huingii darasani na azimio, unaingia na andalio la somo: leo kipindi hiki nafundisha nini, kwa dakika ngapi, na nitajuaje wameelewa. Wewe kwenye daftari lako umeandika azimio tupu. Kuku 500. Sawa, Jumatatu unafanya nini? Haijaandikwa. Darasa la kwanza ulikuwa unaanza na a e i o u mwalimu, hukuanza na insha, kwanini leo kwenye maisha yako unaanza na insha?

Twende kwenye kuku maana hapo ndo pesa ilipopotelea. Kuku mkubwa mmoja ukimfungia anakula kama gramu 100 kwa siku, wengine zaidi. Zidisha kwa 500. Ni kilo 50, yaani mfuko mzima wa chakula kila siku ya Mungu, mifuko 30 kwa mwezi, na hapo hajaumwa hata mmoja. Nenda dukani kwenu kaulize bei ya mfuko mmoja, zidisha kwa 30, alafu weka pembeni ya pensheni yako ya mwezi uangalie. Sikwambii usifuge. Nakwambia hesabu hiyo ilitakiwa ifanyike Desemba, sio Machi.

Na hao waliopinda shingo, hiyo inafanana sana na mdondo, wengine wanaita kideri, ingawa wa kuthibitisha ni afisa mifugo wenu. Mdondo hauna dawa ukishaingia bandani, una chanjo tu, tone moja kwenye jicho la kila kuku na unarudia kila miezi mitatu. Kwahiyo lengo lako la kuku mwaka huu lingekuwa hivi: mitetea 8 na jogoo 1 wa kienyeji, na tarehe nne za chanjo zimeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Mtetea mmoja analalia mayai kama 10 au 12, siku 21 anatotoa. Wakitotoa vizuri wanne tu kati ya hao nane tayari una vifaranga kama 40 na hujanunua hata kimoja. Ukivuka Desemba bila kuzika kundi, hapo ndo tuongee habari ya 50. Wajukuu wape kazi ya kuokota mayai na kuandika idadi, wewe bado ni mwalimu hapo.

Nisikucheke peke yako. Mi mwaka niliostaafu niliingia kwenye tikiti maji. Kile kilimo cha kwenye makaratasi, mnakijua, eka moja mashina kadhaa kila shina matunda mawili kila tunda bei fulani, jumla mamilioni, mtu unaanza kuchagua rangi ya gari. Nikakodi eka mbili mbali na nyumbani, sijawahi kulima hata bamia, kibarua nampigia simu ananiambia mama mambo safi. Nilipoenda kuangalia nikakuta magugu, na matikiti machache yaliyokuwepo yamedoda. Hela ya mkupuo ya kustaafu ilipungua nikiiangalia hivihivi. Tangu hapo nina sharti moja, kitu chochote nitakachopanga lazima niweze kukifikia kwa miguu yangu na kukiona kwa macho yangu kila siku. Ndo maana lengo langu la mwaka huu ni matuta manne ya mchicha na matembele nyuma ya jikoni. Basi. Wanangu wanacheka lakini mboga wanabeba.

Kilo 20 na goti. Hapa naongea kama nesi. Usianze na kilo, kilo huna amri nayo, unaweza kufanya kila kitu vizuri mwezi mzima na mzani ukanuna. Dakika za kutembea una amri nazo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima, na sisi wa zaidi ya 65 tukiwemo, tufikishe angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambayo ni kama nusu saa mara tano. Lakini kwa goti linalouma huanzi na nusu saa. Anza dakika 10 asubuhi jua halijawa kali, barabara tambarare sio kule mnakopandia Uluguru, wiki mbili hivyohivyo, alafu ongeza tano. Goti likivimba pumzika na uende likaangaliwe. Chumvi jumla ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ile iliyoko kwenye dagaa. Na dawa za presha mwalimu, tafadhali, usizikate eti kwasababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwasababu unazinywa. Nimepokea wagonjwa wengi mno wa kiharusi wenye hadithi hiyohiyo. Kama ungeniambia lengo lako la mwaka mzima ni kutoruka dawa hata siku moja ningekupigia makofi nikafunga barua.

Hayo mengine haraka haraka. Nyumba usiandike "kumaliza", andika chumba kimoja, na mimi ningechagua choo cha ndani chenye sakafu isiyoteleza na cha kushika ukutani, maana usiku wa manane na goti hilo hutaki kwenda uani. Deni, kama kuna lile la kausha damu, la riba kali, anza na hilo, mengine yasubiri, na usikope hapa ukalipe pale. Kompyuta hujasema unaitakia nini. Kama ni kuongea na mtoto aliye mbali basi jifunze simu, jifunze kumpigia video mwenyewe na kutuma hela mwenyewe bila kumpa mjukuu namba ya siri, na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ujue kuwafuta. Hilo ni somo la wiki tatu. Yerusalemu sikuambii ufute. Itoe kwenye daftari la mwaka, iweke kwenye kibubu chake, ikijaa utaenda, isipojaa mwaka huu haijakufa.

Alafu nani alisema mwaka wako uanze Januari? Januari ni ya ada na sare za shule, wajukuu unao wewe mwenyewe, hela haipo na kichwa kimejaa. Mstaafu hana kengele ya muhula. Chagua mwezi ambao mfuko wako umepumua, hata kama ni Machi. Mi matuta yangu naanza mvua za masika zikikaribia, sina habari na fataki za mwaka mpya.

SWALI: Assalam aleykum. Mimi ni mjane wa miaka 70, niko Tanga. Utotoni nilisoma chuo cha Qur'ani kidogo tu nikaachishwa, nikaja kuolewa. Sasa watoto wamekua, natamani nisome Qur'ani mwenyewe kwa kutizama msahafu, nikhitimu mwaka huu. Kuna darsa la kinamama baada ya alasiri, lakini mabinti zangu wanasema mama utajiaibisha, herufi zenyewe umezisahau. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam mama yangu. Kajiandikishe kesho. Mwaka 2004 kule Eldoret, Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, akavaa kaptula ya shule na soksi ndefu, akakaa na watoto. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka mmoja nyuma yake. Alichotaka ni kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisomewe na mtu. Wewe una 70, kwake ungekuwa mdogo.

Ila msahafu wote kwa mwaka mmoja kwa mtu anayeanza tena na herufi, hapo tupunguze. Jirani yangu ni ustadhi, nimemuuliza, anasema ashike juzuu ya Amma, ile ya mwisho, sura 37 na nyingi ni fupi, na bila shaka kadhaa unazo kichwani kwa ajili ya swala. Kwenye msahafu wa chapa ya Madina ni kurasa 23. Nusu ukurasa kwa wiki unamaliza kwa wiki 46, na mwaka una 52, kwahiyo una wiki sita za kuumwa, za harusi na za misiba. Kabla ya yote kapime macho. Inawezekana herufi hujazisahau, ni huzioni tu, mtoto wa jicho huja polepole mtu hajui.

SWALI: Baba yetu ana 76, yuko Songea. Mwaka jana alianguka shambani, bahati hakuvunjika. Msimu huu anasema analima eka tatu za mahindi kwa mkono wake kama zamani, na akishasema kasema. Sisi watoto tuko Dar. Tumkatazeje?

JIBU: Msimkataze. Mzee aliyelima maisha yake yote ukimwambia akae kwenye kiti unamwambia asubiri kufa, na yeye anasikia hivyohivyo. Kwenu huko mahindi yanapandwa Novemba na Desemba kwahiyo ninavyoandika hivi huenda ameshapanda zote tatu na mnachobishania ni palizi. Changeni hela ya vibarua kwa eka mbili na nusu, hiyo nusu ya karibu na nyumba aachiwe peke yake, asiingiliwe na mtu. Hao vibarua awasimamie yeye, na mbolea ya ruzuku kama imesajiliwa kwa jina lake aendelee nayo yeye. Mtu wa nyumbani amfundishe kusimama mguu mmoja ameshika kiti, kisha mwingine, kila siku kidogo, inasaidia asianguke tena. Aende shamba na fimbo na simu yenye chaji.

Na jembe lake msilifiche. Mtakuja kusikia kaazima kwa jirani.