Swahiba, sahaba na masaibu: asili ya neno na mahali pa kulitumia

Ndugu, umeuliza kama swahiba na sahaba ni neno moja, na kama wingi wake ni masaibu. Asili ni moja, matumizi mawili. Masaibu hayamo kabisa.

Mzizi ni wa Kiarabu: swadi, ha, ba, wenye maana ya kuandamana na mtu. Swahibu ni yule anayeandamana nawe. Katika Kurani 9:40, Abubakar aliyekuwa pangoni na Mtume anaitwa kwa neno hilihili. Kiswahili kimeligawa: sahaba, wingi masahaba, ni wale waliomwamini Mtume na kukutana naye. Usimwite rafiki yako wa mtaani sahaba, maana Waislamu watasikia jambo zito. Huyo ni swahiba au sahibu. Wingi maswahiba, masahibu. Ile "sw" ni athari ya herufi swadi, kama katika swala na sala.

Masaibu ni mikasa, matatizo. Ni jamaa ya msiba. Kosa huja kwa sababu "h" ya masahibu humezwa katika matamshi. Andika "masaibu yangu" na msomaji atakupa pole.

Kuhusu uzito: rafiki anaweza kuwa yeyote mnayeelewana, lakini swahiba umemchagua miongoni mwa marafiki. Kwa hiyo "swahiba wa karibu", inayopendwa sana magazetini, inarudia jambo lililokwisha kusemwa. Ukitaka anayejua hata siri zako, mwandani anafaa zaidi.