Upepo wa Agosti Ulivyonidanganya Singida

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyoni aliniandikia kwamba amepima upepo katika shamba la baba yake kwa siku 12, akapata wastani wa mita 8 kwa sekunde, na sasa anatafuta mwekezaji wa mtambo wa umeme wa upepo. Sikumcheka, kwa kuwa mimi nilichekwa kwa kosa hilohilo.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii ya kupima upepo nilisimamisha mnara wa mita 10 nje kidogo ya mji wa Singida, nikapima kuanzia Julai hadi Septemba, miezi ambayo upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya uwanda ule usiku na mchana. Ripoti niliiandika kwa madaha. Kikaoni mhandisi mmoja mzee aliifunua, akauliza, "Na Februari je?" Sikuwa na Februari. Akacheka mbele ya watu wote, na kicheko kile bado nakisikia kila ninapofunga kipimaupepo.

Naye hakuwa amegundua yote. Mnara wangu ulikuwa nyuma ya majabali yale ambayo wageni hupenda kuyapiga picha, ilhali upepo ukigonga kizuizi huvurugika, na inatakiwa mnara uwe mbali nacho angalau mara kumi ya kimo chake: jabali la mita 8 linataka mita 80. Tena nilitumia kipimo cha kimo cha mita 10 kukadiria upepo wa kimo cha mita 80, mahali ambapo mapanga ya mtambo mkubwa huzunguka. Ukianza na mita 5 kwa sekunde na kutumia kipeo (namba inayoonyesha jinsi kasi inavyopanda kadiri kimo kinavyoongezeka) cha moja ya saba, kama vitabu vinavyopendekeza, utapata 6.7, ukitumia robo, kama ardhi yenye vichaka inavyoweza kudai, utapata 8.4. Kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi, tofauti hiyo inakaribia kuizidisha nguvu mara mbili. Ndiyo maana lazima upime katika vimo viwili, wala usibahatishe kipeo.

Mchemraba huohuo huufanya wastani uwe shahidi mbaya. Upepo wa mita 6 kwa sekunde usiobadilika una mchemraba wa 216. Upepo wa mita 3 nusu ya muda na mita 9 nusu nyingine una wastani uleule wa 6, lakini wastani wa michemraba yake ni 378. Basi hifadhi takwimu za kila dakika kumi, na ukumbuke kwamba katika mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14, na umeme hupungua kwa kiasi hichohicho.

Mara ya pili nilipima miezi 14, nikalinganisha na takwimu za miaka mingi za hali ya hewa, na ofisi ya mhandisi yule ikapokea ripoti bila swali. Mzee yule aliniomba nakala. Nilimpa, ingawa sikufanya haraka.

Vijana, acheni pupa! Atlasi ya Upepo ya Dunia, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, inapatikana bure. Itawaonyesha pa kuanzia, lakini haiwezi kushika nafasi ya mnara.

Nawe wa Manyoni, mwekezaji asubiri kwanza. Mnara wangu wa mita 40 umelala stoo. Njoo na gari uubebe, ila uniahidi kwamba hutaushusha kabla ya Agosti ijayo.