Kwani parachuti kubwa haitoshi kutua Mirihi?

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Kijana wangu wa gredi ya saba amenibana na swali nimeshindwa kumjibu. Ndege zinatua JKIA mchana na usiku, sasa hawa watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakipeleka gari la roboti huko kwenye sayari ya Mirihi mbona wanakaa roho mkononi hivyo, si wangelifunga tu parachuti kubwa lishuke polepole? Baba wa kijana, Umoja.

JIBU: Njema sana baba, na huyo kijana mpe hongera kwa sababu hilo la parachuti kubwa wahandisi wenyewe wamelihangaikia miaka mingi. Shida ni hewa. Hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya hii yetu, kwa hivyo parachuti haipati kitu cha kutosha cha kushika, lakini hewa hiyo hiyo ukiiingia na kasi inakuchoma. Mwezini hakuna hewa, unashuka na injini za roketi basi, hapa duniani iko tele na parachuti inamaliza kazi, Mirihi sasa inakupa taabu za pande zote mbili.

Chukua gari la NASA linaloitwa Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021. Iliingia na kasi ya kilomita kama 19,500 kwa saa, mwendo wa kukutoa Nairobi mpaka Mombasa kwa dakika moja na nusu, na inatakiwa iwe imesimama ndani ya dakika 7 hivi. Breki kubwa ilifanywa na ngao ya kuzuia joto iliyo chini ya chombo, ikapata moto wa nyuzi 1,300 hivi. Parachuti yenye upana wa mita 21.5 ilifunguka chombo kikiwa kilomita 11 juu, bado kinapita kasi ya sauti, na ikishafanya kazi yake yote bado unaanguka kwa kilomita zaidi ya 300 kwa saa. Gari lenyewe linapita kilo 1,000, hebu fikiria likigonga mawe na mwendo huo.

Na parachuti kubwa zaidi walijaribu. Mwaka 2014 na 2015 walifanya majaribio juu angani kule Hawaii na parachuti ya mita 30, mara zote mbili ikararuka. Kitambaa kipana hivyo kikifunguliwa kwa mwendo unaopita sauti kinavutwa vibaya sana.

Kwa hivyo parachuti inaachwa juu na roketi zinaanza, na hapa ndipo mimi husisimka kabisa. Injini zikikaribia ardhi zinatimua vumbi na mawe, sasa roketi zikifika kama mita 20 juu gari linaanza kuteremshwa kwa kamba, huku zinaendelea kushuka polepole mpaka magurudumu yaguse chini, kamba zinakatwa, ile mashine ya roketi inaruka zake kwenda kuanguka mbali. Curiosity, gari lililotangulia Perseverance, ndiyo ilianza kutua hivi mwaka 2012 na bado kuna kokoto zilirushwa zikaangukia mgongoni mwake.

Kosa dogo tu linatosha kuharibu kila kitu. Chombo cha Ulaya kinaitwa Schiaparelli, Oktoba 2016, kifaa chake cha kupima mzunguko kilizidiwa kwa kama sekunde moja, kompyuta ikapiga hesabu ikaona imeshafika chini, ikaachilia parachuti na kuzima roketi. Kilikuwa bado kilomita 3.7 juu.

SWALI: Si mtu akae Marekani na rimoti aliendeshe? Msomaji, Kawangware.

JIBU: Haiwezekani ndugu yangu. Siku ile ya Perseverance ishara ya redio ilichukua dakika 11 na zaidi kufika duniani, na kutua kwenyewe ni dakika 7, kwa hivyo wahandisi wa NASA kule California wakipata habari kwamba gari linaingia hewani, huko tayari limeshatua au limeshavunjika. Kompyuta iliyo ndani inaamua kila kitu peke yake. Ilikuwa inapiga picha za ardhi ikizilinganisha na ramani iliyobeba, ikatafuta mahali pasipo na mawe na majabali ndani ya kreta ya Jezero, lile shimo kubwa ilikotua, ikajipeleka.

Na baba wa Umoja, mwonyeshe kijana ile video ya kutua, kamera zilirekodi kuanzia parachuti inapofunguka mpaka gari kugusa chini. Asimamishe pale parachuti inapofunguka aangalie ile mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe, wahandisi walificha maneno humo kwa msimbo wa 0 na 1, ajaribu kuyasoma kabla hajaangalia jibu.